Mkonge wa Tanga na Ujuzi Uliohama

Mwaka 1892 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa na ardhi nyingi kuliko maarifa ya kuitumia. Miaka minne kabla ya hapo watu wa pwani walikuwa wameinuka dhidi yake. Pangani ndiyo ilikuwa kitovu cha vita hivyo chini ya Abushiri bin Salim, na shamba la tumbaku ambalo kampuni ilikuwa imelifungua Lewa lilishambuliwa. Berlin ikamtuma Hermann Wissmann na askari wa kukodi, Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889, na muda si mrefu serikali ya Ujerumani ikalichukua koloni mikononi mwake. Kampuni ikabaki na mashamba, maduka, na wenye hisa waliotaka kuona faida. Ikajaribu kahawa huko Derema, katika misitu ya Usambara Mashariki. Miti ilistawi mwanzoni, kisha ikadhoofika: udongo ulioonekana mnono kwa sababu ya msitu ulikuwa maskini mara msitu ulipofyekwa.

Wakati huo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni hiyo, alisoma habari za mkonge katika jarida la bustani ya mimea ya Kew, Uingereza. Jarida lilieleza utajiri wa Yucatán, rasi ya Meksiko, ambako wenye mashamba walikuwa wakitajirika kwa nyuzi za katani. Mashine mpya za kuvuna ngano huko Marekani zilifunga miganda kwa kamba, na kila msimu wa mavuno kamba hizo zilihitajika kwa wingi. Meksiko ilijua thamani ya mmea wake na haikutaka miche itoke. Lakini miaka ya 1830 Henry Perrine, balozi mdogo wa Marekani huko Campeche, alikuwa amekwisha kupeleka miche Florida, na huko ikaota ovyo bila mtu kuijali. Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida. Vikapitia Hamburg. Viliposhushwa Tanga mwaka 1893, vilivyokuwa hai vilikuwa 62.

Vichipukizi hivyo vilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mkonge huishi kwa miaka kadhaa, kisha hutoa mlingoti mrefu kuliko nyumba, na juu ya mlingoti huo huota vichipukizi kwa mamia hata kupita elfu, halafu mmea mama hufa. Kwa hiyo ile miche 62 haikuwa michache kama inavyosikika. Kufikia 1898 kulikuwa na miche zaidi ya 60,000, na mwaka 1913, ukiwa wa mwisho wa amani, koloni lilisafirisha tani zaidi ya 20,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Mkonge ukawa zao la kwanza la biashara ya nje ya Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Kisa cha miche 62 husimuliwa sana Tanga, na husimuliwa kwa fahari. Mimi naona uzito wake uko mahali pengine. Kinaonyesha kosa la Meksiko, na ndani ya kosa hilo imo historia yote iliyofuata, hata historia ya Tanga yenyewe. Meksiko iliamini kwamba mali yake ni mmea. Mwaka 1991 Jay Barney, msomi wa biashara wa Marekani, aliandika makala iliyokuja kusomwa katika kila chuo cha biashara duniani. Humo aliuliza ni mali ya namna gani inayoipa kampuni ushindi wa kudumu dhidi ya washindani wake. Jibu lake ni kwamba mali hiyo iwe na thamani, iwe adimu, isiigike kwa urahisi, na isiwe na kitu kingine cha kushika nafasi yake. Mkonge una thamani. Lakini mmea unaozaa mamia ya vichipukizi juu ya mlingoti wake hauwezi kubaki adimu, na mtu yeyote mwenye sanduku na tiketi ya meli anaweza kuuiga. Kama Tanga ilikuja kuishinda dunia kwa mkonge, basi iliishinda kwa kitu kingine kilichouzunguka.

Reli ilikuwa sehemu ya kitu hicho. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893, mwaka uleule wa vile vichipukizi, kwa ndoto ya kahawa ya Usambara. Ilifika Muheza mwaka 1896, fedha zikakauka, na mwaka 1899 serikali ikalazimika kuichukua. Ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Kahawa iliyokusudiwa ilikufa, lakini reli ilikuwa imepita katika ukanda wa chini, kati ya bahari na milima, ambako mvua ni ya wastani na miamba ya chokaa iko karibu. Mkonge huipenda nchi ya namna hiyo. Njia iliyojengwa kwa ajili ya zao moja ikawa mgongo wa zao jingine.

Mkonge si zao la kuvunwa na kuwekwa ghalani ukisubiri bei. Jani likikatwa lazima lifike kiwandani kabla halijakauka, na katika kilo 100 za majani unapata kilo tatu au nne tu za singa. Kwa hiyo kila shamba lilihitaji troli zake zinazotembea juu ya reli nyembamba, na kiwanda chake katikati. Kiwanda kilihitaji korona, ile mashine kubwa ya kuchuna majani iliyotengenezwa Ujerumani, ambayo jina lake limebaki midomoni mwa watu wa Korogwe na Muheza hadi leo. Korona hula maji mengi, kwa hiyo mashamba yalijipanga karibu na mto Pangani na mito midogo inayoteremka kutoka Usambara. Singa zilianikwa juani kwenye kamba ndefu, zikapigwa brashi, zikapangwa kwa daraja, zikashindiliwa kuwa marobota, zikapanda treni hadi Tanga. Bandarini zikashuka kwenye matishari na kupelekwa melini, kwa kuwa meli kubwa zilitia nanga mbali na gati. Mnyororo huo wote ulikuwa na kiungo kimoja kigumu: watu.

Wasambaa, Wabondei na Wazigua walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kuyaacha. Wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, ilianzisha mwaka 1907 mpango wa vipande ambao ulimlazimisha kila mwanamume amfanyie kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi minne. Hilo nalo halikutosha. Wenye mashamba wakategemea watu wa mbali: Wanyamwezi na Wasukuma wakati wa Wajerumani, kisha Waha, Warundi, Wabena, na Wamakonde waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Hao ndio manamba. Waliishi kambini kwa mkataba, wakalipwa kwa kipande: kazi ya siku ilihesabiwa kwa matita, kila tita majani 30, na siku isiyotimia haikuandikwa. Mwiba wa ncha ya jani uliwachoma, utomvu ukawawasha ngozi. Mkata mkonge hodari alijua jani la kukata na la kuacha, maana ukikata hadi ndani mmea hudhoofika, na ukiacha mengi unapoteza. Vitabu vya hesabu vya kampuni viliandika mashine, majengo na ekari. Ujuzi wa mkono huo haukuandikwa popote kama mali. Nitaurudia baadaye, kwa sababu siku ulipoondoka ndipo pengo lake lilipoonekana.

Mpira unasaidia kueleza kwa nini mkonge ulidumu. Wajerumani walipanda pia mpira wa aina ya manihoti, kwa bidii ileile, katika wilaya zilezile, kwa kutumia reli ileile na vibarua walewale. Kwa muda ulikuwa ukiukimbiza mkonge kwa thamani. Mpira wa Malaya ulipoanza kuingia sokoni kwa wingi, mzuri zaidi na wa bei nafuu, wenye mashamba ya manihoti walianguka mwaka 1913, na mashamba mengi yakaachwa. Kwa mpira, nafasi ya ushindani ilikuwa bei ya soko tu, na bei ikaondoka. Kwa mkonge kulikuwa na jambo jingine, ingawa lilichukua miaka mingi kujengeka.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikaingia. Novemba 1914 Waingereza walishusha jeshi kutoka India na wakapigwa Tanga yenyewe, ndani ya mashamba ya mpira na mkonge, huku kamanda wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, akiwashusha askari wake kwa reli kutoka Moshi. Vita vilipokwisha, mali za Wajerumani zilitwaliwa na kuuzwa kwa mnada. Wanunuzi walikuwa Wagiriki, Wahindi, Waingereza, Waswisi. Hapo ndipo familia ya Karimjee, wafanyabiashara wa asili ya Kutch waliokuwa Zanzibar tangu mwanzo wa karne ya 19, ilipoingia katika mkonge wa Tanga na kuwa miongoni mwa wakulima wake wakubwa. Wajerumani wenyewe waliruhusiwa kurudi kuanzia mwaka 1925, na baadhi walinunua tena.

Kwa hiyo katika miaka ya 1920 kulikuwa na kampuni nyingi ndogo na chache kubwa, za mataifa mbalimbali, zote zikilima mmea mmoja kwenye ukanda mmoja, zote zikiuza kwa madalali wa London na Hamburg. Bei ikaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati dunia nzima ilipofilisika. Kampuni za namna hiyo kwa kawaida huumana. Za Tanga zilifanya jambo ambalo ndilo kiini cha simulizi hii: ziliendelea kushindana sokoni huku zikichangia kwa pamoja vitu ambavyo hakuna hata moja ingeweza kuvimudu peke yake.

Chama cha Wakulima wa Mkonge wa Tanganyika kilianzishwa na kufanya makao Tanga. Mwaka 1944 kiliunda ofisi ya kukusanya vibarua, SILABU, yenye mawakala na kambi hadi Kigoma na kusini, ili mashamba yasinyang'anyane watu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia baadhi ya wanachama walianzisha ushirika wa kuuza singa, TASMA, ili wauze kwa sauti moja. Umeme nao ulipatikana: Kampuni ya Umeme ya Tanganyika, iliyoundwa mwaka 1931, ilijenga kituo katika maporomoko ya mto Pangani kilichoanza kazi mwaka 1936, na mashamba yakawa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Ukipita Raskazone ukaiona Hoteli ya Mkonge, unaona nyumba ambayo wakulima hao walijijengea wakati fedha zilipokuwepo.

Lakini kilichowapa nguvu kuliko vyote ni kituo cha utafiti cha Mlingano, pale Ngomeni, kati ya Muheza na Tanga, kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1930. Kwa miaka mingi kiliongozwa na George Lock, ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya mkonge kilichosomwa popote ulipolimwa. Mlingano walipima nafasi kati ya mmea na mmea, wakachunguza ni madini gani majani yanayaondoa ardhini na jinsi ya kuyarudisha, wakajua ugonjwa wa madoa uliopewa jina la Korogwe. Kisha wakaingia katika kazi ya subira ya kweli. Mkonge wa kawaida hauzai mbegu kwa urahisi, na kila jaribio la uzazi huchukua miaka mingi kabla mmea haujatoa mlingoti. Walichukua mkonge wenye majani ya samawati ambao ulitambuliwa Amani, kwenye kituo kile cha utafiti kilichoachwa na Wajerumani milimani, wakauchanganya na ndugu yake mwingine, kisha wakaurudishia damu ya ule wa Amani. Mche mmoja wa uzazi huo ulipewa namba 11648. Mkonge wa Hindorf hutoa majani 200 hivi hadi 250 katika maisha yake. H.11648 unaweza kutoa zaidi ya 600, na kingo za majani yake hazina miiba.

Ufahamu huo haukuwa wa shamba moja. Meneja wa Ngombezi aliutumia, na wa Amboni, na wa Lewa. Meneja mgeni angeweza kununua ardhi Bahia huko Brazili, au Angola, na kupanda mkonge uleule, lakini asingepata jirani wa kumwuliza, wala mafundi wa korona waliozaliwa kambini, wala karani wa bandarini anayejua kwa kugusa kwamba robota hili ni 3L na lile ni UG. Mnunuzi wa London aliyeona alama ya shamba la Tanga kwenye robota alijua anachonunua kabla hajalifungua. Edith Penrose, mchumi aliyeandika mwaka 1959 juu ya jinsi kampuni zinavyokua, alisema kwamba ukuaji hutoka katika matumizi ambayo watu waliozoeana kazini wanaweza kuyatoa katika mali walizo nazo. Kitu peke yake hakimkuzi mtu. Sijui maelezo yanayoifaa Tanga ya miaka ile kuliko hayo.

Bahati nayo ilikuwepo, na haifai kuificha. Mwaka 1942 Japani iliteka Ufilipino, nchi ya katani ya manila, na Java, iliyokuwa na mkonge mwingi wa Waholanzi. Ghafla Tanganyika ikawa tegemeo la Uingereza na Marekani kwa kamba za meli. Serikali ya London ilinunua singa zote kwa bei iliyoipanga yenyewe hadi mwaka 1948, na serikali ya koloni ikawapeleka watu mashambani kwa nguvu ya sheria. Vita ya Korea ilipozuka mwaka 1950 bei ilipanda juu tena. Uadimu huo haukuwa kazi ya Tanga. Uliletwa na majeshi ya watu wengine. Wenye mashamba walioufikiria kuwa wa kudumu walijenga hesabu zao juu ya mchanga.

Na kulikuwa na ufa ambao hawakutaka kuutazama. Faida ya mashamba hayo ilisimama juu ya mishahara midogo mno. Manamba alihesabiwa kama gharama ya kupunguzwa, si kama mtu anayezidi kuwa bora kila mwaka anaokaa. Katika miaka ya 1950 wafanyakazi walianza kujipanga. Mwaka 1958 mgomo wa Mazinde, shamba lililoko chini ya milima ya Usambara kupita Mombo, uliitikisa sekta nzima. Victor Mkello aliuongoza muungano wa wafanyakazi wa mkonge na mashamba, akawa mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote katika harakati za wafanyakazi nchini. Ujira ukapanda. Waajiri wakajibu kwa kupunguza watu na kuongeza kazi ya kila aliyebaki. Hata serikali ya uhuru haikuwavumilia viongozi wa namna hiyo: Januari 1963 Mkello alihamishiwa Sumbawanga kwa amri, mbali kabisa na mashamba yake. Nafikiri hapa Tanga ilipoteza nafasi ambayo haikurudi. Mashamba yaliyoajiri watu zaidi ya 100,000 yangeweza kumfanya mkata mkonge na fundi wa korona kuwa watu wa kazi ya kudumu, wenye nyumba, shule na sauti. Yalichagua kuwa na wapita njia.

Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha tani zipatazo 230,000 za singa. Haijawahi kuufikia tena wingi huo. Katika mwaka huohuo bei ilianza kushuka. Kemia ilikuwa imepata mbadala: nyuzi za plastiki ya polipropilini, nyepesi, zisizooza, zinazotengenezwa karibu na mkulima wa Ulaya na Marekani aliyezihitaji kufungia majani makavu ya mifugo yake. Lile sharti la mwisho la Barney, kwamba mali isiwe na kitu cha kushika nafasi yake, lilivunjika ndani ya miaka michache.

Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na kabla mwaka haujaisha serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Likaundwa Shirika la Mkonge, ambalo miaka ya 1970 liligeuzwa kuwa Mamlaka ya Mkonge. Miongo mitatu iliyofuata ilikuwa ya kushuka. Mwaka 1980 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 100,000. Mwishoni mwa karne ulifika kama tani 20,000, sawasawa na ule wa 1913.

Watu wengi wa Tanga watakwambia mkonge uliuawa na nailoni. Maelezo hayo yanafariji kwa sababu hayamlaumu mtu, lakini hayatoshi. Brazili ilikutana na plastiki hiyohiyo na ikawa mzalishaji wa kwanza duniani. Ilifanya hivyo bila mashamba makubwa wala korona: wakulima wadogo wa nyika ya Bahia walitumia mashine ndogo za kuhamishika, wakachuna majani palepale shambani bila maji. Singa zao zilikuwa duni na mashine zile ziliwakata watu mikono; sioni cha kuiga katika hilo. Lakini walikuwa na muundo uliomudu bei ndogo. Kenya nayo, yenye mashamba machache kuliko Tanganyika, haikuanguka hivyo.

Kilichotokea Tanzania kinaeleweka ukikumbuka umri wa mmea. Shamba la mkonge huanza kukatwa baada ya miaka mitatu hivi na huendelea hadi miaka kumi au zaidi. Ukiacha kupanda leo, mwaka kesho hutaona tofauti yoyote, wala mwaka ule mwingine. Utaendelea kuvuna kazi ya waliokutangulia na taarifa zako zitasomeka vizuri. Wenye kampuni binafsi walianza kupunguza upandaji bei iliposhuka na walipohisi mali yao itachukuliwa. Mamlaka iliyorithi mashamba haikuwa na fedha za kigeni za kununua vipuri vya korona, na shilingi iliyopangiwa thamani ya juu ilimnyang'anya mwuza singa sehemu ya bei yake. Mameneja wa zamani waliondoka. Vibarua wa mbali waliacha kuja: SILABU haikuwepo tena, nao walikuwa na vijiji vyao. Mkono uliojua jani la kukata ulirudi Kasulu na Newala, na haukuwa umefundisha mkono mwingine. Magugu yakaingia. Serikali ilikuwa imetaifisha ardhi, majengo na mitambo, vitu vyote vilivyoandikwa kwenye vitabu. Kuaminiana kwa watu waliofanya kazi pamoja miaka thelathini hakukuwa na ukurasa wa kutaifishwa.

Mali ya namna hiyo ikitawanyika huenda mahali, na tunaweza kuonyesha ilikokwenda.

Familia ya Karimjee haikutegemea mkonge peke yake. Ujuzi wake wa kale kuliko wote ulikuwa wa uwakala: kujua kiwanda cha ng'ambo, kuaminika nacho, kumfikishia mteja wa hapa bidhaa na vipuri vyake. Miaka ya 1960 ilichukua uwakala wa Toyota Tanzania, na kazi hiyo ikaibeba kampuni wakati biashara nyingi za umri wake zilipotoweka.

Kampuni ya REA Vipingo, ambayo mizizi yake iko Kenya, katika mashamba ya Vipingo, Kilifi, na Dwa, Kibwezi, ilikuwa imeendelea kupanda miaka yote mibaya. Katika kundi lake imo nyumba ya zamani ya biashara ya nyuzi London, Wigglesworth, iliyojua wanunuzi wa singa kwa vizazi. Milango ya Tanzania ilipofunguliwa miaka ya 1990, REA Vipingo ilinunua mashamba ya Amboni: Mwera na Sakura za Pangani, na Kigombe iliyo njiani kwenda Tanga, pamoja na kiwanda cha kusokota nyuzi mjini. Ukanda uleule ambao Hindorf alipanda vichipukizi vyake 62 ulianza kulimwa upya kwa maarifa yaliyohifadhiwa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro.

Na ule mche wa Mlingano, namba 11648, ulifika China mwaka 1963. Wachina waliupanda Guangdong na Guangxi, wakautunza kama zao la bustani, wakaweka mbolea kwa vipimo, na mavuno yao kwa hekta yakapita ya Tanga kwa mbali. Karibu na mwanzo wa karne hii kampuni ya serikali ya China ilikuja kununua shamba la mkonge Rudewa, wilayani Kilosa, na kuanza kulima kwa ustadi ambao sehemu yake ilizaliwa Ngomeni.

Tanga yenyewe haikukaa bure. Mwaka 1998 mashamba ya Mamlaka yalibinafsishwa kwa kampuni ya Katani, iliyoongozwa kwa muda mrefu na Salum Shamte, na usimamizi wa sekta ukawa wa Bodi ya Mkonge. Katani haikuwa na mtaji wa kupanda mashamba yote hayo. Ikabuni mpango wa kuwagawia wakulima wadogo ardhi ndani ya mashamba, wao wapande na kukata, kampuni ichune na kuuza. Hilo lilikuwa jaribio la kweli la kubadili muundo wa miaka mia moja, la kumgeuza kibarua kuwa mwenye mmea. Huko Hale, ilijenga mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya mabaki ya mkonge, wenye uwezo wa kilowati 150, wa kwanza wa aina yake duniani. Mabaki hayo ndiyo zile kilo 96 katika kila 100 ambazo kwa karne nzima zilimwagwa mtoni.

Tatizo lilikaa kwenye korona. Mkulima alikuwa na jani, kampuni ilikuwa na mashine, na jani haliwezi kusubiri. Aliye na mashine ndiye anayepanga zamu, anayepima, anayekata gharama zake kwanza. Malalamiko ya malipo yalirundikana hadi serikali ikaingilia. Mwaka 2020 usimamizi wa mashamba hayo ulihamia Bodi ya Mkonge, wakulima wakauza singa kupitia vyama vyao vya ushirika, AMCOS. Serikali ikatangaza lengo la tani 120,000 kwa mwaka ifikapo 2025, yaani kama nusu ya kilichovunwa mwaka 1964. Watu wakapanda kwa wingi, Korogwe, Handeni, Kilindi hata nje ya mkoa, na foleni ya korona ikarefuka, kwa kuwa mmea unaongezeka upesi kuliko mashine na kuliko mafundi wanaoijua.

Mlingano ipo bado. Leo ni kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, na kazi yake kubwa katika mkonge ni kuzalisha miche ya H.11648 kwenye chupa za maabara, maana miche bora ni haba. Mnunuzi mkubwa wa singa za Tanzania sasa ni China. Sehemu kubwa inaondoka ikiwa marobota ya singa ghafi, kama ilivyokuwa mwaka 1913, na kusokotwa huko.